Kufifisha Madoa bila Kubabua Ngozi: Mwongozo Kamili wa Kutumia Vipodozi vya Kung'arisha

Mtu mweusi anayenunua krimu ya kufifisha madoa huwa hatajiwi jambo moja dukani: krimu hiyo ikimbabua, atatoka na doa kubwa kuliko lile aliloanza nalo. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani rangi asilia ya ngozi, hujibu kila umizo kwa kumwaga rangi mahali palipoumia, na haibagui kama kilichoiumiza ni chunusi, wembe, mkwaruzo au seramu ya bei ghali. Kwa hiyo muwasho, ambao kwa mwenye ngozi nyeupe huenda ukawa wekundu wa siku mbili tatu, kwetu ni alama itakayokaa miezi kadhaa. Na rangi hiyo ikizama chini ya tabaka la juu la ngozi, hugeuka ya kijivujivu na huweza kukaa miaka.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufifisha madoa, si wa anayetaka kubadili rangi ya mwili mzima. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa rafu za maduka ya vipodozi huyapanga bega kwa bega na maandishi ya kwenye makopo hayasaidii kuyatenganisha.

Hatua ya kwanza: jua doa lako ni la namna gani

Doa lililobaki baada ya chunusi, kipele cha ndevu, upele wa tetekuwanga au kuumwa na mdudu hukaa palepale palipoumia, na kwa kawaida hufifia lenyewe polepole iwapo hutalichokonoa. Melazma ni kitu kingine: hutokea pande zote mbili za uso kwa ulinganifu, mashavuni, kwenye paji na juu ya mdomo, mara nyingi wakati wa ujauzito au kwa mtumiaji wa vidonge vya uzazi wa mpango, na hurudi haraka ukilegeza kinga ya jua. Weusi wa shingoni na makwapani ulio mnene kama mahameli huhusiana mara nyingi na mwili kushindwa kutumia insulini vizuri, na hakuna krimu itakayouondoa bila kushughulikia chanzo chake. Hapo pesa ya krimu ni bora igharimie kipimo cha sukari.

Kuna alama ambazo hazipaswi kupakwa chochote kabla ya kuonwa na daktari: doa jeusi linalobadilika ukubwa au umbo, mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, doa jipya kwenye wayo au kiganja, na baka lililopauka lisilohisi mguso.

Hatua ya pili: soma lebo, na uondoe vya hatari kabla ya kufikiria muwasho

Viambato vitatu havina nafasi katika kipodozi cha kununua bila daktari, navyo ni zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho. Kwa kuwa lebo huandikwa kwa majina ya kigeni na kwa herufi ndogo, ni vyema uyakariri kama yalivyo: mercury, mercurous chloride, calomel, hydroquinone, clobetasol propionate, betamethasone. Zebaki hudhuru figo na mtoto aliye tumboni, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa hata kile kiwango kidogo cha sehemu moja katika milioni kilichokuwa kikiruhusiwa kwenye vipodozi. Tanzania na Kenya zote zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na kwa upande wa Tanzania kazi ya kusimamia vipodozi ilihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Marufuku hiyo haikuviondoa sokoni. Ilivihamishia chini ya kaunta.

Haidrokwinoni inastahili maelezo zaidi, kwa sababu ni dawa halisi ambayo daktari wa ngozi bado huiandika kwa majuma machache na kwa uangalizi. Hukizuia kimeng'enya cha tairosinasi kinachotengeneza melanini. Ikitumiwa miaka mingi, tena juani, huleta ugonjwa unaoitwa okronosisi: ngozi ya mashavu huingia weusi wa samawati na kuota vipele vigumu vidogo kama punje za ulezi, na hali hiyo ni ngumu mno kutibika. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1975 na daktari G. H. Findlay na wenzake nchini Afrika Kusini, kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu za kujichubua, na Afrika Kusini ikapiga marufuku vipodozi hivyo mwaka 1990. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2020, iliiondoa haidrokwinoni miongoni mwa bidhaa zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Mwaka huohuo wa 1975 madaktari wa Marekani, Albert Kligman na Isaac Willis, walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) asilimia 0.1 na steroidi ya deksamethasoni asilimia 0.1. Tretinoini huipenyeza haidrokwinoni, na steroidi hutuliza muwasho unaosababishwa na hizo mbili. Ukielewa hesabu hiyo, umeuelewa mkorogo. Anayekoroga krimu tatu kwenye beseni nyuma ya duka anafanya jambo lilelile bila vipimo, bila muda wa kukoma na kwa steroidi iliyo kali zaidi, nayo klobetasoli ni miongoni mwa steroidi kali kupita zote za kupaka. Ngozi inaungua lakini haiwashi, kwa sababu kengele imezimwa. Mtumiaji husema krimu hii ni nzuri, haijawahi kunidhuru, mpaka siku anapoiacha: hapo uso huwaka moto, hujaa vipele, mishipa midogo huonekana, naye huirudia krimu ili apate nafuu. Sugu nyeusi za vifundo vya vidole, zinazoonekana kwenye mkono ambao sehemu zake nyingine zimeng'aa, ni alama ambayo kila mtu wa Dar es Salaam anaijua.

Ukigundua kuwa umekuwa ukitumia krimu yenye steroidi kwa miezi mingi, usiikate ghafla peke yako. Nenda na kopo lenyewe kwa daktari akupangie namna ya kushuka polepole. Bidhaa iliyochotwa kutoka kwenye ndoo kubwa ikatiwa kwenye kikopo kisicho na lebo haifai kusomwa wala kupimwa. Iache.

Hatua ya tatu: fahamu kila kiambato huwashaje

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji apunguze mwendo, kwa sababu viambato vinavyoruhusiwa pia huwasha, na kila kimoja kwa njia yake.

Vitamini C halisi, inayoandikwa ascorbic acid, haipenyi ngozi vizuri mpaka iwe kwenye kimiminika chenye uasidi wa pH chini ya 3.5 (namba ikiwa ndogo, uasidi ni mkali zaidi), na huo ni uasidi unaochonyota hata kwenye ngozi nzima. Kupandisha kiwango kupita asilimia 20 hakuongezi kinachoingia ndani, bali huongeza kuchonyota tu, kwa hiyo chupa iliyoandikwa asilimia 30 inakuuzia maumivu. Tatizo lake jingine ni kuharibika. Seramu mpya huwa haina rangi au ina umanjano hafifu. Ikikaa kwenye joto la chumba cha Mombasa mwezi wa Februari, kifuniko kikifunguliwa kila asubuhi, hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ikifikia hapo haina kazi tena, na inaweza kuacha umanjano kwenye vidole na kwenye foronya. Mwenye ngozi nyepesi kuwashwa atafute vitamini C ya aina ya sodium ascorbyl phosphate au magnesium ascorbyl phosphate, ambazo hazihitaji uasidi mkali.

Asidi za matunda hulegeza gundi inayoshikanisha seli zilizokufa. Ya glikoli ndiyo yenye chembe ndogo kuliko zote, hivyo huzama haraka na kuwasha zaidi; ya laktiki ni ya upole kidogo, na ya mandeliki hupenya taratibu zaidi. Kwa matumizi ya nyumbani usivuke asilimia 10, wala usikubali pH iliyo chini ya 3.5. Chupa za asilimia 30 zinazouzwa mtandaoni kwa jina la dawa ya kuambua ngozi ni vifaa vya kliniki, na dakika mbili za kuzubaa na simu zinatosha kuacha ramani nyeusi shavuni. Asidi hizi pia huifanya ngozi iungue upesi juani, na hali hiyo huendelea kwa takriban juma moja baada ya kuziacha.

Retinoli, ya jamii ya vitamini A, huharakisha kuzaliwa kwa seli mpya, na majuma yake ya kwanza huja na ukavu na kuambuka hata ikitumiwa sawasawa. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za mwaka 2024, uliiwekea kikomo cha asilimia 0.3 kwa bidhaa za uso na asilimia 0.05 kwa mafuta ya mwili. Mjamzito asiiguse kabisa, wala dada zake wa familia ya retinoidi.

Asidi ya kojiki hutokana na ukungu uleule ambao Wajapani huutumia kuchachusha wali wa kutengenezea pombe yao ya sake, na watu huiamini kwa kuwa ni ya asili. Hiki ni kiambato chenye sifa mbaya ya kuleta mzio, ambao ni tofauti na muwasho wa kawaida. Muwasho humpata yeyote dawa ikiwa kali na huja ndani ya dakika au saa. Mzio humpata ambaye kinga ya mwili wake imekitambua kitu na kukikataa. Huja baada ya siku moja hadi tatu, huwasha zaidi kuliko kuchonyota, huvuka mipaka ya mahali palipopakwa, na ukishakupata ni wa maisha. Kanuni zilezile za Ulaya zimeiwekea kojiki kikomo cha asilimia 1 kwa uso na mikono, na alfa-arbutini, kiambato kingine cha kung'arisha, asilimia 2 kwa uso na asilimia 0.5 kwa mwili. Sabuni nyingi za kojiki zilizo sokoni kwetu hazitaji kiwango chochote.

Niasinamidi, aina ya vitamini B3, ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Haiui wala haizuii seli za rangi, bali hupunguza melanini inayokabidhiwa seli za juu, na kiasi cha asilimia 2 hadi 5 kinatosha. Mtindo wa kuuza asilimia 10 au 20 umewaletea wengi joto la uso bila faida ya ziada. Asidi ya azelaiki, ya asilimia 10 hadi 20, hutekenya na kuwasha kidogo majuma mawili ya mwanzo kisha hutulia. Ina faida ya kutibu chunusi na doa kwa pamoja, na kwa kawaida madaktari huiruhusu kwa wajawazito.

Usisahau wasiotajwa mbele ya kopo. Manukato, mafuta ya mimea yenye harufu kali na baadhi ya vihifadhi huwasha wengi kuliko kiambato kilichosifiwa. Kwenye lebo manukato huandikwa parfum au fragrance.

Kisha kuna jikoni. Maji ya ndimu yana uasidi wa pH karibu na 2, na zaidi ya hapo ndimu ina kemikali zinazoamshwa na jua, zikaunguza ngozi na kuacha michirizi myeusi. Ni muwasho uleule unaowapata waliokamua ndimu kisha wakakaa juani. Magadi soda huharibu uasidi wa asili wa ngozi kwa upande wa pili, na dawa ya meno haikutengenezwa kwa ajili ya shavu. Liwa iliyosagwa kwa maji ya waridi ina heshima yake pwani na haina ukali huo, ila singo ya kusuguliwa kwa nguvu kwenye uso wenye chunusi nayo huacha madoa, kwa kuwa msuguano ni umizo kama lilivyo lingine.

Hatua ya nne: pumzisha uso, pima mkononi

Kwa muda wa majuma mawili usitumie usoni chochote isipokuwa sabuni laini isiyo na harufu, mafuta au losheni ya kawaida, na krimu ya kukinga jua mchana. Ngozi iliyochoka hupitisha kila kitu kwa wingi, na kiambato ambacho kisingekuwasha kikiikuta nzima kitakubabua kikiikuta imechubuka. Majuma hayo si ya kukaa bure, kwa kuwa ndiyo ya kipimo.

Chagua sehemu ya ndani ya mkono karibu na kiwiko, upana wa sarafu. Paka bidhaa asubuhi na jioni, mahali palepale, kwa siku 7 hadi 10, kwa kiasi utakachotumia usoni. Kama ni ya kusuuzwa, iache kwa muda ulioandikwa kisha suuza. Wengi hupaka mara moja, husubiri nusu saa na kujipa kibali. Kipimo hicho kinakamata ukali wa asidi tu, hakikamati mzio. Mimi mwenyewe nilipima krimu ya kojiki na siku tatu za kwanza sikuona kitu; asubuhi ya siku ya nne niliamka nikijikuna, na mahali pa ukubwa wa sarafu palikuwa pametuna, pana vipele kama harara, navyo vimeanza kutambaa kuelekea kiganjani. Baada ya vipele kukauka, lilibaki duara jeusi ambalo lilichukua karibu miezi mitano kufifia. Lingekuwa shavuni, ningeonana nalo kwenye kioo kila siku.

Mkono ukivuka salama, rudia kwa siku tatu nyuma ya taya chini ya sikio, kwa sababu ngozi ya uso ni laini zaidi.

Hatua ya tano: anza na kimoja, kidogo, usiku

Anza na kiambato kimoja tu. Ukianza vitatu pamoja na uso ukawaka, hutajua wa kumlaumu, na utatupa vyote. Paka siku mbili kwa juma katika majuma mawili ya kwanza, kisha kila baada ya siku moja, kisha kila usiku ikiwa ngozi imeridhia. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima. Ngozi iwe imekauka kabisa, kwa kuwa ngozi yenye majimaji hufyonza zaidi. Subiri kama dakika kumi na tano baada ya kuosha ikiwa ni retinoli. Mwenye ngozi kavu anaweza kupaka losheni kwanza, kisha dawa, kisha losheni tena juu yake.

Ruka pembe za pua, pembe za mdomo na kope, au zipake mafuta mazito ya mgando kabla ya kuanza, maana dawa hutambaa na kujikusanya kwenye mikunjo. Ruka pia usiku wa siku uliyonyoa ndevu, uliyotoa nyusi kwa uzi au uliyong'oa vinyweleo kwa nta.

Usiunganishe retinoli na asidi za matunda usiku mmoja. Niasinamidi hukubaliana na karibu kila kitu, na ile kauli kwamba haichangamani na vitamini C haina nguvu kwa bidhaa za leo.

Hatua ya sita: jua

Bila kinga ya jua, hatua zote tano ni kujaza pakacha maji. Tunaishi kwenye ikweta, ambako kipimo cha nguvu ya miale ya jua huvuka 11, yaani daraja la ukali kupita yote, mara kwa mara, na Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hupata miale mikali hata siku ambazo watu wamevaa sweta. Tumia krimu yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) ya 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo, na urudie kila saa mbili ukiwa nje. Mwenye melazma atafute yenye rangi ya udongo iliyotiwa oksidi ya chuma, iron oxides kwenye lebo, kwa kuwa mwanga wa kawaida unaoonekana nao huichochea ngozi nyeusi, na krimu zisizo na rangi hazizuii mwanga huo vya kutosha. Kofia pana, mtandio na mwavuli havina lebo wala mzio.

Hatua ya saba: ngozi ikiwasha

Kuchonyota kwa dakika moja au mbili kisha kutulia, bila vipele wala joto, ni jambo la kawaida kwa asidi na vitamini C. Kuchonyota kunakozidi dakika tano, joto linalobaki, ngozi kukaza kama imepakwa gundi, au losheni yako ya siku zote kuanza kuwasha, ni dalili kwamba tabaka la juu limeshaumia. Kauli ya wauzaji kwamba ikiwasha ndiyo inafanya kazi ni ya kupuuzwa. Vilevile, usisubiri kuona wekundu, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha na kuonekana kama weusi wa zambarau au mng'ao usio wa kawaida. Pima joto kwa mgongo wa mkono, ukilinganisha shavu hili na lile.

Suuza kwa maji baridi ya kawaida kwa dakika kadhaa, bila sabuni na bila kusugua. Acha viambato vyote, hata ambavyo huvishuku. Paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu mara mbili au tatu kwa siku, kaa kivulini, na usiambue ngozi inayobanduka. Usiweke barafu moja kwa moja, wala usichukue krimu ya steroidi iliyobaki kabatini kutoka kwenye matibabu ya mtu mwingine.

Malengelenge, majimaji yanayotoka, kope kuvimba au usaha ni vya kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, na ugumu wa kupumua ni wa dharura. Jambo jingine lisilosubiri ni mabaka meupe kutokea mahali unapopaka. Mwezi Julai 2013 kampuni ya Kanebo ya Japani iliondoa sokoni bidhaa zake zenye rododendroli, kiambato cha kung'arisha kilichokuwa kimeidhinishwa na serikali, baada ya watumiaji kupata mabaka meupe usoni, shingoni na mikononi. Walioathirika walizidi 10,000. Kimeng'enya cha tairosinasi kilikuwa kikiigeuza rododendroli kuwa sumu ndani ya seli za rangi zenyewe. Walioacha mapema, wengi wao rangi ilirudi taratibu, wengine haikurudi. Ukiona hata baka moja dogo lililopauka, acha bidhaa hiyo leo, na uhifadhi kopo pamoja na boksi lake ili daktari asome viambato.

Ngozi ikishatulia, subiri majuma mawili hadi manne kabla ya kurudi, na urudi na kiambato cha upole zaidi, kuanzia mkononi tena. Kama ulikuwa mzio, kiambato hicho kimeondoka maishani mwako: kiandike jina lake kwa herufi za lebo kwenye simu, ukisome kila unaponunua.

Matokeo yapime kwa picha, mara moja kwa mwezi, dirisha lilelile na saa ileile, kwa sababu kioo cha kila siku hakionyeshi badiliko la polepole. Seli za juu huhitaji takriban mwezi mmoja kujibadilisha, na zaidi ya hapo kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo majuma manne hayatoshi kuhukumu chochote. Toa majuma 12. Doa likiwa halijasogea baada ya hapo, usipandishe kiwango. Nenda kwa daktari wa ngozi na zile picha tatu pamoja na makopo yote uliyotumia.